Jua la Saa Kumi na Televisheni ya Fundi Pindo

Uongo wa fundi cherehani unajulikana: "Njoo kesho, vimebaki vifungo tu." Huo hauhesabiwi kuwa uongo, ni salamu. Fundi Pindo alikuwa ameutoa kwa miaka ishirini na sita bila kupoteza hata lepe la usingizi. Lakini neno alilomwambia binti yake kwenye simu Jumapili ile lilimkaa kooni kama pini, na mbaya zaidi, hakujua kama lilikuwa uongo au la.

Binti mwenyewe mtaa mzima ulimwita Mbio, kwa kuwa alianza kukimbia kabla hajajua kutembea. Alikuwa amesomea uamuzi wa mpira. Si ule wa kupuliza filimbi na kutukanwa katikati ya uwanja. Ni ule wa kushika kibendera na kutukanwa pembeni. Mechi zake zilikuwa zimefika kwenye televisheni, na baada ya ile ya kwanza alipiga simu nyumbani.

"Baba, uliniona?"

"Nilikuona, mama! Tena vizuri. Umevaa nyeupe, umesimama mstarini wima, hutikisiki. Nikasema moyoni, huyu kweli ni damu yangu."



"Baba, waamuzi wote tulivaa nyeusi. Na mimi sikuingia hata dakika moja. Nilikuwa wa akiba, nimekaa kwenye kiti kule pembeni."

"Aa... basi labda..."

"Haina neno, baba. Najua umechoka na kazi."

Alilisema kwa upole, na hapo ndipo alipomchoma. Mtoto akikukasirikia, una pa kushika. Akikuhurumia, umekwisha.

"Jumamosi ijayo naingia mwenyewe," Mbio akaongeza. "Saa kumi kamili. Ukipata nafasi."

Ukipata nafasi! Kama vile baba yake ni waziri. Fundi Pindo aliweka simu juu ya meza ya kukatia akabaki ameshika mkasi bila kujua alitaka kukata nini. Maana yeye mtu alimwona. Alimwona kwa macho haya mawili, mtu mweupe, mrefu, amesimama pembeni ya uwanja dakika tisini bila hata kujikuna. Kama si Mbio, alikuwa nani?

"Umeona jini," mkewe akamwambia huku akipanga majora ya vitambaa. "Jini la mpira. Nenda ukapime macho, Baba Mbio, kabla hujamshonea mtu suruali ya mikono mitatu."

Macho yake yalikuwa mazima. Uzi mweusi na uzi wa bluu ya kukolea alizitofautisha kama pacha wake mwenyewe. Shida ilikuwa chumba. Nyumba yao ilikuwa na chumba cha kulala, ambacho kitanda kilikijaza mpaka mlango ulifunguka nusu, na sebule, ambayo ndiyo ilikuwa kiwanda. Cherehani mbili, meza ya kukatia, kabati la nyuzi, sofa moja yenye spring iliyochomoza, na kile kidude kilichoitwa televisheni, upana wa trei ya chai. Halafu kulikuwa na Bi Kimya. Bi Kimya alikuwa sanamu ya kuvalishia nguo, hana kichwa, hana mikono, ana kiuno ambacho hakuna mteja aliyewahi kukifikia. Wiki hizo alikuwa amevaa gauni la harusi la mteja mmoja ambaye harusi yake ilisogezwa mbele kila mwezi. Alisimama pale karibu na dirisha, amengoja kuliko bibi harusi mwenyewe.

Na mwanga! Fundi Pindo aliishi kwa mwanga. Madirisha mawili mapana, na juu, katikati ya mabati, alikuwa ametoboa na kuweka bati mbili za plastiki zinazopitisha jua, ili asije tena akashona suruali ya bluu kwa uzi mweusi kama siku ile iliyompotezea wateja, mwalimu mkuu na walimu wake wote. Pazia hakuna. Mtu aliyeshonea mapazia nusu ya mtaa, dirisha lake liko uchi, kinyozi hajinyoi. Na hata angeweka, angezibaje paa? Ikifika saa kumi, jua lilipita juu, likapita pembeni, chumba kikawaka kama ndani ya balbu. Kwenye kile kitrei cha televisheni, wachezaji walikuwa kunguni kwenye shuka, na washika vibendera, ambao kazi yao ni kukaa ukingoni kabisa mwa picha, hawakuwa hata kunguni.

"Nunua kubwa," mkewe akasema siku ya pili, akiwa amechoka kumwona ameduwaa. "Chukua hela ya sofa. Sofa imesubiri miaka mitatu, itasubiri wa nne. Lakini iwe kubwa kweli. Sitakalia hii spring kwa ajili ya trei nyingine."

Fundi Pindo alitaka kumshukuru, ila akaona wanawake wanapotoa ruhusa kama hiyo ni bora kunyamaza kabla hawajafikiri tena.

Shemeji yake, kaka wa Mama Mbio, alifika jioni hiyo hiyo bila kuitwa. Aliitwa Injinia kwa sababu aliwahi kutengeneza pasi ikapona. Tangu hapo hakuna kitu chenye waya ambacho hakukijua.

"Shemeji, ukubwa si hoja," akasema akikaa mbali na spring. "Hoja ni rangi. Weusi wa picha uwe weusi wa kweli."

"Mimi nataka kumwona mtoto, si weusi."

"Utamwonaje bila weusi? Waamuzi wanavaa nini?"

 Baada ya chai ya kwanza Injinia akasema rangi si hoja, hoja ni wepesi wa picha, mpira usije ukaacha mkia kama nyota. Baada ya chai ya pili wepesi si hoja, hoja ni iwe na intaneti. Alipoondoka, Fundi Pindo alikuwa anajua machache kuliko alipokuwa hajui kitu. Kilichobaki mikononi mwake ni tepu yake ya kupimia. Akapima ukuta, kutoka kabati la nyuzi mpaka fremu ya mlango: inchi hamsini na mbili. Akaandika kwa chaki kwenye mkono wa shati lake mwenyewe. Hapo sasa alikuwa kwenye nchi anayoijua.

Alhamisi wakaenda dukani, yeye na Injinia. Duka lilikuwa halina dirisha hata moja. Kuta nyeusi, taa hafifu, na televisheni zimepangwa kama madirisha ya peponi: asali ikimiminika, samaki wa rangi zisizo na jina, maua yakifunguka polepole kwa madaha. Kila moja ilikuwa nzuri kuliko nyingine. Fundi Pindo alisimama katikati mdomo wazi, mfuko wake ukianza kujikunja wenyewe.

Muuzaji alikuwa mtu wa makamo mwenye tai fupi, ncha yake haikufika hata kitovuni. Jicho la fundi liliiona tai kabla ya kuona uso.

"Karibuni wakuu. Mnatafuta kubwa?"

"Kubwa, ya chumba chenye jua kali, na ya bei yangu," Fundi Pindo akasema, akataja bei yake. Mwenye Tai hakucheka, lakini tai ilitikisika.

"Basi tuanze na hii hamsini na tano."

"Haiingii. Ukuta wangu ni hamsini na mbili."

"Inaingia, mzee."

"Bwana, mimi ni fundi. Hamsini na tano haijawahi kuingia kwenye hamsini na mbili. Hata ukiibana pumzi."

Hata hivyo akaivuta tepu shingoni, akaipima kutoka kushoto hadi kulia. Arobaini na nane na nusu. Akapima tena. Akaigeuza tepu akidhani imeliwa na panya.

"Hii si hamsini na tano! Inchi zangu sita na nusu ziko wapi?"

Mwenye Tai akaichukua tepu, akaishika kwenye kona ya chini na kuipandisha mpaka kona ya juu ya upande wa pili. Hamsini na tano, kavu.

"Mnapima kwa mshazari?" Fundi Pindo akauliza taratibu, kama mtu aliyegundua kwamba jirani yake ni mchawi. "Kitambaa ukikishika kwa mshazari kinavutika, hata mtoto wa wiki moja kazini anajua. Mimi nikianza kupima wateja kutoka bega la kulia mpaka goti la kushoto, si nitafungwa?"

"Ndivyo dunia nzima inavyopima, mzee."

"Dunia nzima ina mafundi wabaya." Lakini moyoni akafurahi kidogo, kwa kuwa kubwa ingeingia. Ilikuwa furaha yake ya mwisho kwa nusu saa nzima. Mwenye Tai alifungua mdomo na maneno yakaanza kushuka kama mvua ya mawe. Hii ina pikseli zinazojiwasha zenyewe. Ile ina taa za nyuma. Hii ina niti mia tano, ile niti elfu moja.

"Niti ndiyo nini?"

"Kipimo cha mwanga unaotoka kwenye kioo."

"Ahaa. Kwa hiyo chumba chenye jua kinataka niti nyingi?"

"Kwa kawaida. Ila hii yenye niti chache ndiyo picha bora."

"Bora kuliko ile yenye nyingi?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Inategemea chumba."

"Chumba nimeshakwambia."

"Ndiyo maana nasema inategemea."

Fundi Pindo akamtazama Injinia kuomba msaada. Injinia alikuwa anatazama asali, machozi karibu yamtoke.

Mwenye Tai akawapeleka mbele ya ile anayoipenda: nyembamba kama kanda, kioo kimetakata kama maji ya mtungini, weusi wake mweusi kuliko dhambi. Bei ilikula hela yote ya sofa na kumeza nauli ya kurudia. Pembeni yake, chini, nusu imefichwa na kiti, ilisimama nyingine ya ukubwa ule ule, nene kidogo, kioo chake kimefifia kama kilichopanguswa kwa kitambaa chenye vumbi, na mkwaruzo mgongoni.

"Na hii?"

"Hiyo ya mwaka juzi, mzee. Boksi lake lilipotea, na mgongo umeguswa. Tunaiondoa tu. Angalia kioo chake, kimepauka. Hailingani na hii."

Na kweli, pale gizani haikulingana. Ile nyembamba ilikuwa malkia, na ile nene ilikuwa shangazi wa malkia aliyekuja kuosha vyombo. Injinia akanong'ona, "Shemeji, jibane. Kizuri chajiuza."

Fundi Pindo alikuwa tayari ameshika mfuko. Kichwa kimejaa niti, mishazari na weusi. Alitaka jambo liishe tu, arudi kwenye cherehani yake ambayo haijawahi kumwambia "inategemea". Lakini mkono ulikataa kutoka. Kulikuwa na kitu kibaya pale ndani na hakukijua, mpaka alipotazama juu na kuona taa. Miaka ishirini na sita hajawahi, hata siku moja, kununua kitambaa chini ya taa ya duka. Chini ya taa, kahawia huwa zambarau na kilichochuja huwa kipya. Kitambaa hubebwa begani mpaka mlangoni, kikatandazwa juani, kikaaibika mbele ya watu. Mwenye duka akikataa, unajua ana lake jambo.

"Zitoe nje," akasema.

"Nini?"

"Zote mbili. Hapo barazani. Nizione juani."

"Mzee, hizi ni televisheni, si kanga."

"Ningekuwa naitazamia dukani kwako ningeinunua papa hapa. Naitazamia kwangu, na kwangu kuna jua."

Mwenye Tai alitazama saa, akatazama duka lisilo na mteja mwingine, akatazama tai yake. Mwisho akavuta waya mrefu wa umeme mpaka nje. Wakazibeba yeye na Injinia, mmoja mbele mmoja nyuma, kama wanaomtoa mgonjwa, wakaziegemeza ukutani barazani, jua likizipiga za uso.

"Weka mpira. Sitaki asali."

Akaweka mpira, mechi ya zamani fulani. Fundi Pindo akarudi hatua sita, umbali wa kutoka cherehani yake hadi ukutani, akakunja mikono.

Malkia alikufa palepale. Kile kioo kilichotakata kiligeuka kioo cha kujitazamia. Hakuna uwanja, hakuna mpira. Kulikuwa na barabara, mwendesha baiskeli, na mawingu. Mama mmoja aliyekuwa anapita alisimama, akajifunga kilemba chake upya mbele yake, akatabasamu, akaenda zake. Kwenye ile nene iliyopauka, mpira ulikuwa unachezwa. Haukuwa mzuri kama peponi, ila majani yalikuwa majani, na pembeni kabisa, ukingoni, kijitu chenye kibendera kilikuwa kinakimbia, na miguu yake ilihesabika miwili.

Lakini Fundi Pindo hakuwa anaitazama hiyo. Alikuwa anaikodolea macho ile nyembamba. Mle ndani, juu ya mstari wa uwanja usioonekana vizuri, amesimama mtu. Ana shati jeupe. Wima. Hatikisiki. Ana kitu kinaning'inia shingoni kama tepu.

Akanyanyua mkono. Mtu akanyanyua mkono.

"Lahaula," akasema. "Bi Kimya!"

"Nani?" Injinia akaruka.

"Niliyemwona mstarini! Gauni la harusi, kivuli chake kiooni! Dakika tisini nimemsifia sanamu, shemeji, kwamba ni damu yangu!"

Injinia alikaa chini barazani kucheka. Mwenye Tai, ambaye hakuelewa hata neno, alicheka pia kwa heshima ya mteja. Fundi Pindo naye alicheka kidogo, kisha akaacha, kwa kuwa alikumbuka sauti ya Mbio ikisema "haina neno".

"Funga hiyo nene," akasema. "Na mkwaruzo wake."

Hela ilitosha, ikabaki ya vyuma vya kuitundikia na ya kumpa mwenye mkokoteni.

Jumamosi saa tisa na nusu televisheni ilikuwa ukutani, inchi mbili kasoro za nafasi kila upande, Fundi Pindo alizipima mara tatu kwa raha tu. Wateja waliokuja kuchukua nguo waliambiwa njoo kesho. Jua likashuka kwenye bati za plastiki, chumba kikawaka. Picha ilisimama, ila ukiitazama sana kulikuwa na kivuli cheupe karibu na goli la kushoto. Bi Kimya, amefika kazini.

"Huyo leo haingii," Mama Mbio akasema. Akachukua joho jeusi la mwanakwaya mmoja mnene, akamvika Bi Kimya juu ya gauni la harusi mpaka chini, akamgeuzia ukutani. Goli la kushoto likawa safi.

Mechi ikaanza. Majirani walioingia kushangaa ukubwa wa televisheni waliangalia mpira. Fundi Pindo aliangalia mstari. Mara tano alimpata, mara sita akampoteza, na kila kamera ilipofuata mpira upande wa pili alisogea pembeni mwa sofa kama vile angeweza kuchungulia nyuma ya ukuta. Ilimshangaza mtoto wake anakimbia ubavu ubavu, kama kaa. Nani alimfundisha?

Dakika ya sabini mtu alifunga goli. Chumba kizima kikaruka. Kisha kikatulia, kwa kuwa kibendera kilikuwa juu.

"Kaotea wapi!" Injinia akapiga kelele. "Huyo mshika kibendera kipofu! Katumwa!"

"Huyo mshika kibendera," Mama Mbio akasema bila kugeuka, "umembeba mgongoni."

 Na hapo kamera ikamsogelea Mbio. Ukuta mzima ukawa Mbio: uso umekaza, jasho kwenye mdomo wa juu, mkono umenyooka kama rula, na wachezaji watatu wakimfokea karibu na sikio. Hakutikisika. Wakarudisha lile goli taratibu, wakachora mstari, majirani wakabishana wengine ndiyo wengine siyo. Fundi Pindo alitazama marudio yote mawili na hakuelewa kitu. Kuotea ni nini hasa? Mtu kufika mapema ni kosa? Yeye wateja wake wangekuwa wote wameotea. Lakini kamera ilishuka kidogo kabla ya kuondoka, ikapita kwenye bukta yake nyeusi, na jicho la fundi likakaza.

Saa moja kasoro simu ikalia. Akaiacha ilie mara mbili, akaipokea.

"Baba." Sauti ilikuwa imekauka kwa kelele za watu. "Uliniona?"

Majirani walikuwa wameondoka. Mkewe alikuwa anamvua Bi Kimya joho, akasimama, mkono hewani.

"Pindo la bukta yako," Fundi Pindo akasema, "mguu wa kulia, upande wa nyuma. Uzi umeachia. Kama vidole vinne hivi. Nani alikushonea mshono wa kizembe namna hiyo?"

 Upande wa pili kikaanza kicheko, kidogo, kikapanda, kikachanganyika na kitu kingine ambacho baba hakukiuliza.

"Niliushika kwa pini wakati wa mapumziko, baba. Nilidhani hakuna atakayeona."

"Ulete Jumatatu. Na mama..."

"Ee, baba?"

"Yule mtu, lakini. Aliotea kweli?"

"Aliotea."

"Haya," akasema Fundi Pindo, ambaye bado hakuwa na habari maana yake nini. Akaweka simu, akaenda kukaa kwenye sofa, na spring ikamkumbusha mahali pake.

"Nimesikia," mkewe akasema kabla hajafungua mdomo. "Sasa sofa nitaichagua mimi. Na itapimwa moja kwa moja, si kwa mshazari."